Jemadari Mwenye Jina la Papa

Kabuchai, 11 Agosti 2024

Kaka Bramwel,

Sisi huku ni wazima. Senge, shangazi yetu, anakula, analalamika, anakula tena, kwa hivyo ujue afya yake iko sawa. Miwa ya upande wa mto imesimama vizuri. Ya upande wa barabara inatafunwa na watoto wa shule, na mimi nimechoka kupiga kelele. Mkeo alifika salama na lile gunia la viazi ulilomfungia. Anasema umebaki ukijipikia. Nilimuuliza unajipikia nini, akacheka tu. Natumaini unakula, na kwamba Daktari Kiplangat na watu wake hawajambo.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ninayo. Senge ndiye ametaka. Anasema kwa simu mtu hudanganya akiwa amesimama, lakini kwa barua lazima kwanza akae chini. Tena anataka kitu cha kusomewa mara mbili. Hii nimempa Gicheru, yule anayeleta kabichi za Kitale kwa pikapu. Mimi humngoja Kamukuywa siku ya soko.

Sasa jambo lenyewe. Mjukuu wako amefikisha wiki tatu na hajanyamaza. Analia akinyonya, analia akiogeshwa. Nelima amekonda, na Wanyonyi wako anaenda kazini Kibabii akiwa na macho mekundu mpaka wenzake wanamshuku. Tumemwita mtoto majina ya wazee wetu wote, jina baada ya jina, tukingoja lile litakalomnyamazisha. Ilipofika zamu ya Papa, baba yetu, Senge akatuzuia. "Hilo si lenu. Mwenye kulitamka yuko Kitale." Unajua vile kwetu huwa: jina la mzazi aliyekufa hutamkwa kwanza na kifungua mimba wake. Kwa hivyo mtoto hana jina, na kwenye kadi ya kliniki ameandikwa "Mtoto wa Nelima".

Njoo umwite Wamalwa. Ni kazi ya asubuhi moja. Hujakanyaga hapa tangu tumzike Papa, na Novemba itakuwa miaka mitatu. Kama gari lako lililoharibika Kamukuywa siku ya mazishi lilishapona, njoo nalo.

Dada yako,
Agneta


Kitale, 29 Agosti 2024

Dada Agneta,

Barua yako ilinifikia juzi. Gicheru aliisahau chini ya kiti cha pikapu, na karatasi imenuka kabichi mpaka ndani. Huku tuko salama. Mahindi yameanza kukauka, mvua haijatambua hilo. Najipikia ugali na mayai, na siku za Jumapili nakula kwa Kiplangat. Mwambie mke wangu kikaango kile cha mpini mweusi sikukichoma mimi. Kilijichoma.

Nimefurahi sana kuhusu mtoto. Ningekuja hata kesho, ila goti la kushoto limevimba, na kuna ng'ombe karibu azae. Tena kuna jambo lingine dogo, ambalo nalisema kwa sababu Senge anasema kwa barua mtu haongopi.

Jina la Papa lina mtu tayari.

Nieleze. Tangu nistaafu kupima mashamba, mimi na Kiplangat tunacheza vita vya zamani. Binti yake aliye Uingereza alimtumia maboksi ya askari wa plastiki, wa kimo cha kidole gumba, na sisi tukawapaka rangi mmoja mmoja kwa brashi ya nywele tatu. Mimi nina Warumi. Yeye ana watu wa Karthago na ndovu wanne. Tunapigania kwenye stoo yake ya mahindi, juu ya mlango wa zamani tuliolaza kwenye magunia. Vilima ni magunia yaliyofunikwa blanketi la kijani, mto ni leso ya mke wake ya buluu, ambayo bado anaitafuta. Hatua tunapima kwa rula, na nani ameumia tunaamua kwa dadu. Nilipima ardhi ya watu miaka thelathini na moja, lakini sijawahi kupima kwa uangalifu kama ninavyopima matembezi ya Warumi.

Jemadari wangu ana manyoya mekundu kwenye kofia. Papa alipokufa nilimpa jina lake. Nilisema ni mzaha, lakini limeshika. Hata Kiplangat humwita Mzee. "Mzee asonge inchi sita," husema, na hupunguza sauti. Mzee amepigana vita arobaini na moja, na hajaanguka hata mara moja.

Sidhani kuna shida. Mwiteni mtoto Wamalwa, wawe wawili.

Kaka yako,
Bramwel


Kabuchai, 8 Septemba 2024

Kaka Bramwel,

Salamu za hapa chukua. Mkeo anasema plastiki ndiyo hujichoma, kikaango ni chuma.

Nilimsomea Senge barua yako wakati wa chai. Akamaliza kikombe chake. Akaomba nisome tena pale pa manyoya mekundu. Kisha akauliza, "Amevaa suruali?"

Mimi sikujua. Wanyonyi akatafuta kwa simu yake picha ya jemadari wa Kirumi, akamwonyesha. Bramwel, Senge aliishika simu ile mbali na uso wake. "Ndugu yangu hakuwa anatoka nje bila suruali ndefu, hata kama anaenda tu kuangalia ng'ombe. Na huyu mtoto wake amemvalisha sketi. Magoti nje! Mbele ya ndovu!"

Halafu akatoa uamuzi, na ameutoa mbele ya mkeo na Nelima, kwa hivyo hauna rufaa. Anasema jina likishapewa mtu anayetembea na kufanya kazi, haliwezi kutolewa kwake na kupewa mwingine. Nikamwambia si mtu, ni plastiki. Akaniuliza: anatembea? Nikasema anatembea, kwa rula. Ana kazi? Ana kazi. Watu wanamheshimu? Nikakumbuka vile Kiplangat hupunguza sauti, nikasema wanamheshimu.

Basi ni hivi. Jina lirudi nyumbani. Usimvunje, usimtupe jikoni, usimuuze, maana hiyo ni kuua mwenye jina. Afe mwenyewe, akiwa kazini, kwa njia ya halali. Akishafa vitani utakuja hapa umtamkie mtoto. Sasa fanya haraka. Mtoto analia hata ninapoandika, na kwa sauti hiyo nadhani unamsikia Kitale.

Agneta


Kitale, 30 Septemba 2024

Dada Agneta,

Ng'ombe alizaa, dume. Goti liko vilevile.

Nimejaribu. Usiseme sikujaribu. Jumamosi ya kwanza nilimtoa Mzee mbele ya jeshi peke yake, hana hata mbeba ngao, mita nzima kutoka kwa wenzake, akiwatazama ndovu wanne. Kiplangat akarusha dadu. Ndovu wa kwanza alikataa kusonga. Wa pili aliingiwa na hofu, akageuka na kukanyaga wapanda farasi wao wenyewe. Wawili waliobaki wakakimbilia mtoni na kukwama kwenye leso. Kabla chai haijapoa, jeshi lote la Karthago lilikuwa linatoroka kuelekea mlango wa stoo, na Mzee amesimama palepale. Kiplangat alivua kofia. "Huyu mzee wenu ni mgumu, bana."

Jumamosi ya pili wapiga mishale wa Karthago walimpata Mzee waziwazi, mgongo wake kwao, umbali wa inchi nne. Nilipima mara mbili. Kiplangat akakataa kupiga. "Ati nimtie Mzee mshale mgongoni? Si nilikula kwake? Alinichinjia jogoo." Nikamwambia ni lazima, kuna mtoto analia. Akasema yeye ametibu mifugo miaka yote kwa nia ya kuokoa, hataanza kuua wazee sasa.

Jumamosi ya tatu mvua ilivuja ndani ya stoo, ikanyesha upande wa Karthago peke yake.

Nimeambatanisha ramani ya vita vyote vitatu ili Senge aone nia yangu. Mwambie nimempaka jemadari suruali. Ni ya kahawia, kama ile ya Papa ya kanisani.

Bramwel


Kabuchai, 11 Oktoba 2024

Kaka Bramwel,

Tuko salama, isipokuwa masikio. Senge ameshukuru kwa suruali.

Ramani zako zimefika. Ni nzuri, zina hadi mshale wa kaskazini. Nimezikalia siku tatu. Unakumbuka nilichapa ratiba za shule miaka ishirini na sita, na kazi ya ratiba ni kugundua mwalimu amejificha wapi. Sasa niambie. Ramani ya kwanza, ndio, umemweka mbele ya ndovu. Lakini umeandika pembeni kwa herufi ndogo kwamba kelele za tarumbeta huwatisha ndovu, na nyuma yake kuna tarumbeta kumi na mbili. Tarumbeta kumi na mbili, Bramwel! Ramani ya pili, mgongo wake uko wazi kwa mtu mmoja tu ulimwenguni ambaye ulijua hatampiga. Na ramani ya tatu, kabla mvua haijaanza, amesimama nyuma ya jiwe, nyuma ya jiwe kuna safu mbili za ngao, na nyuma ya ngao kuna gunia.

Hutaki afe. Sema tu.

Mimi siwezi kumwambia Nelima hivyo. Jana nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya jikoni na mtoto mapajani, wote wawili wanalia kwa zamu. Mtoto sasa tunamwita Mgeni. Senge amenyamaza siku hizi, na unajua yeye akinyamaza si kwamba amekubali. Ana miaka tisini na mbili. Anataka kusikia jina la ndugu yake likiitwa tena katika boma hili akiwa bado na masikio ya kulisikia. Hilo ndilo jambo, mengine ni plastiki.

Agneta


Kitale, 2 Novemba 2024

Agneta,

Leo sina salamu ndefu. Umeniandikia nyuma ya mgongo wangu! Kumbe Gicheru alibeba barua mbili, yangu akaipeleka kwangu na nyingine akaipeleka kwa Kiplangat. Nimeiona. Una mwandiko mzuri, na una roho ngumu. "Ndovu wasiende mbele, wazunguke nyuma ya gunia la tatu kwa utulivu. Wapanda farasi wavuke leso mahali imekunjwa. Usimtazame Bramwel usoni." Nani alikufundisha mambo haya?

Na ile sentensi ya mwisho uliyomwandikia, "Daktari, mtoto hapati usingizi", hiyo haikuwa haki. Kiplangat alikuja mezani na uso wa mtu anayekwenda kumdunga ng'ombe wake mwenyewe sindano ya mwisho. Alifuata maagizo yako yote. Saa nane mchana Mzee alikuwa juu ya gunia la mashariki, amezingirwa pande zote.

Kwa sheria zetu, jemadari akizingirwa hurusha dadu mara moja. Ikitoka moja, amekufa. Ikitoka namba nyingine yoyote, amepenya.

Sijarusha. Dadu za Kiplangat ni mbovu, zinaegemea upande. Nilikuwa na yangu moja, nyeupe, yenye kona iliyovunjika. Hiyo ndiyo ningeiamini, na ilipotea zamani. Bila hiyo sirushi.

Ni siku ya sita sasa. Mahindi ya Kiplangat yamevunwa na yako nje chini ya turubai, yanangoja stoo. Vibarua wamekaa kwenye kivuli. Mke wake ameigundua leso. Mawingu yanakuja kutoka upande wa Mlima Elgon, na kila mtu ananitazama mimi.

Bramwel


Kabuchai, 9 Novemba 2024

Kaka yangu,

Dadu yako haikupotea. Ninayo.

Nyeupe, kona moja imevunjika, karibu na ile namba tano. Imo kwenye kopo langu la vifungo tangu siku ya mazishi ya Papa. Ulipofika, tulikuwa tumeshamaliza kufukia. Ulichuchumaa kuokota udongo ili na wewe urushe, na kitu kikaanguka kutoka mfuko wa koti. Nilikiokota kabla watu hawajaona. Sikujua ni nini. Nilijua tu kwamba si kifaa cha gari.

Gari halikuharibika Kamukuywa, Bramwel. Sikuwahi kukuuliza, na sikumwambia mtu, hata Senge, ingawa Senge haambiwi ndipo ajue. Miaka mitatu nimekuacha na goti lako na ng'ombe wako. Sasa nauliza. Ulikuwa wapi asubuhi ile?

Keti kwanza, ndipo uandike. Nitangoja.

Agneta


Kitale, 7 Desemba 2024

Agneta,

Umengoja wiki nne. Nilianza barua hii mara saba, na karatasi zote Kiplangat ameziona kwenye pipa.

Nilikuwa kwenye stoo.

Simu ya kwamba Papa amekufa ilinikuta tukiwa vitani. Jemadari wangu, ambaye siku hiyo hakuwa na jina, alikuwa amezingirwa, na nilikuwa na dadu mkononi. Niliweka simu chini. Nikamwambia Kiplangat, "Huyu anaitwa Wamalwa." Hakuuliza kwa nini. Tukaifunika meza kwa turubai, tukaondoka.

Siku ya mazishi nilipita kwa Kiplangat saa kumi na mbili asubuhi nimchukue tuje. Alikuwa ameshavaa suti. Nikasema niingie stoo dakika moja, nimalize ule mrusho, ndipo twende na moyo mwepesi. Nikakaa. Agneta, sikuweza. Niliona nikirusha, itatoka moja, na akifa pale basi amekufa kweli. Lakini nisiporusha bado yuko juu ya gunia, amezingirwa tu, na mtu aliyezingirwa bado ni mzima. Ni ujinga, najua, wewe nisomee kwa sauti hiyo yako ya ofisi na mimi nitaona aibu. Lakini nilikaa na dadu mkononi mpaka saa sita na nusu. Kiplangat alikaa kwenye gunia kando yangu na suti yake, mikono magotini, muda wote huo. Hakusema "twende" hata mara moja. Halafu nikatia dadu mfukoni, tukaendesha kama wendawazimu, na hadithi ya gari tulikubaliana njiani.

Nilifika mkiwa mnasawazisha udongo kwa majembe. Wewe ulikuwa umemshika Senge peke yako. Sikuona mtu mwingine yeyote isipokuwa nyinyi wawili. Ndiyo sababu siji. Goti ni zima.

Vita vile vya kwanza hatukuvimaliza, tuliviondoa tu mezani. Tangu hapo namficha nyuma ya mawe. Nampenda, na namaanisha Papa.

Mahindi yaliingia stoo. Tulimwinua Mzee na gunia lake, vivyo hivyo, tukamweka sebuleni kwa Kiplangat, ndovu wanne wamemzunguka. Wageni wanakunywa chai wakimtazama.

Bramwel


Kabuchai, 12 Desemba 2024

Kaka Bramwel,

Nilikasirika miaka mitatu. Si kwa sababu ulichelewa. Nilikasirika kwa sababu Senge alikuwa mzito, na nilimshika peke yangu, na nilikuwa natazama barabara. Bado nimekasirika kidogo, lakini ni ile hasira ya mtu anayechemsha maji ya chai.

Nilimsomea barua yako. Nilitaka kuruka sehemu nyingine, akajua, akanirudisha. Akasema, "Kumbe alikuwa na baba yake. Mimi nilidhani alikuwa baa."

Amri yake ni hii. Jumamosi tarehe ishirini na nane uje. Lete jemadari, lete rula, lete Daktari. Dadu iko hapa. Utarusha wewe mwenyewe, kwenye kaburi la Papa, sote tukiwepo. Ikitoka moja, jina limerudi.

Nilimuuliza, na isipotoka moja? Akasema utarusha tena. Sisi tuna siku nzima, na maziwa ya chai yapo.

Agneta


Kabuchai, 6 Januari 2025

Kaka Bramwel,

Heri ya mwaka mpya. Viazi vimekwisha, mkeo anasema atarudi kwako Jumapili, na kwamba ukinunua kikaango kipya atajua.

Ulikuwepo, najua, lakini Senge ameamuru niandike kila kitu kama kilivyokuwa, ili mtoto aje asome. Tena Daktari Kiplangat anadai nakala, kwa sababu wakati wa jambo kubwa yeye alikuwa amelala kifudifudi.

Basi iandikwe kwamba ulifika saa tatu asubuhi, kabla ya saa uliyoambiwa. Kwamba ulipiga goti la kushoto na halikuwa na shida yoyote. Kwamba jemadari alisimamishwa juu ya kaburi katika suruali yake ya kahawia, na Daktari akawapanga ndovu wanne, akipima kwa rula. Kwamba nilikupa dadu, na uliishika muda mrefu hata Nelima akahamisha mtoto bega la pili. Senge akasema, "Bramwel, rusha. Tuko hapa."

Ukarusha. Iligonga jiwe la kichwani, ikaruka, ikaangukia kwenye shimo la fuko na kupotea.

Daktari ndipo alilala chini na suti yake, ileile, akachungulia kwa taa ya simu. "Naona kitu cheupe! Namba siioni!" Wanyonyi akakimbilia jembe. Wewe ukaanza kusema kwamba kwa mujibu wa sheria dadu iliyoanguka nje ya meza hurushwa tena. Senge akainua fimbo. "Acheni! Si mmeona amechukua mwenyewe? Huyo amekwenda. Sasa niitie ndugu yangu."

Ulitamka jina mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto alilia vilevile, wala hakukugeuzia hata jicho. Lakini Senge alilisikia. Nilikuwa nimemshika upande mmoja, na wewe ukaja ukamshika upande wa pili, na hilo nimeliandika kwa sababu nataka liandikwe.

Iandikwe pia kwamba Ijumaa iliyotangulia Nelima alikuwa amempeleka mtoto zahanati, wakamkuta na uvimbe masikioni, wakampa dawa ya matone. Jina alipewa Jumamosi. Jumapili alilala tangu mchana hadi jioni, na tangu hapo analala. Nelima anasema ni matone. Senge anasema ni jina. Mimi natandika kitanda na sitaki kujua. Kadi ya kliniki sasa inasoma Wamalwa.

Kuhusu yule wa plastiki uliyemsahau kwenye meza ya jikoni, nilimuuliza Senge kama tumzike. Akashangaa. "Kwa nini? Hana mtu ndani sasa. Mrudishe kwa wenzake." Gicheru anakuletea.

Jambo la mwisho, na hili ameninong'oneza nikiwa nimeshafunga barua, nikaifungua. Anauliza kama katika lile jeshi kuna mahali pa mwanamke. Anasema miguu yake imemsumbua sana, kwa hivyo siku yake ikifika, usimpe jina lake askari wa kutembea. Anataka wa farasi.

Agneta


Kitale, 19 Januari 2025

Dada Agneta,

Tuko salama, na kikaango ni cha zamani kilichosuguliwa na mchanga. Kiplangat anasalimu. Amepeleka suti kwa dobi na ameomba udongo wa magotini usitolewe wote.

Yule wa zamani alifika ndani ya kabichi. Nimemrudisha kikosini kama askari wa kawaida. Anapigana vibaya sana siku hizi. Ameshakufa mara tatu mwezi huu, na mimi nainua rula tu na kuendelea.

Jumamosi ijayo tunakuja, mimi na mke wangu, kumwona Wamalwa. Hakuna kitu kinachoniuma.

Mwambie Senge farasi amepatikana. Binti wa Kiplangat amemtuma, mweupe, mguu mmoja juu. Nimempaka rangi wiki nzima kwa ile brashi ya nywele tatu, na mpanda farasi nimemfunga kitambaa cha kichwa kama chake cha maua ya njano. Nimemaliza jana, nikamfungia kwenye boksi lake, na juu ya boksi sikuandika jina.

Mwambie halina haraka.

Kaka yako,
Bramwel